Laptopu ya Linux Ikikataa Kushika Wi-Fi au Bluetooth: Mwongozo Kamili

Laptopu nyingi zinazouzwa Oginga Odinga Street, Kisumu, na Kenyatta Avenue, Nakuru, ni zile za ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza: HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad, nyingine zimeshatimiza miaka minane au kumi. Ukizitia Linux, kama vile Ubuntu, Mint au Debian, zinafufuka. Kinachosumbua ni Wi-Fi: haionekani kabisa, au inaonekana na haishiki, au inashika na kukatika kila baada ya dakika kumi. Hapo wengi hufuta kila kitu na kusakinisha Linux upya. Kazi bure. Kama famweya ya kadi ya Wi-Fi, yaani faili inayopakiwa ndani ya kadi ili ifanye kazi, haikuwamo mara ya kwanza, haitakuwamo mara ya pili, na bando litakuwa limeliwa.

Nenda ngazi kwa ngazi. Je, mashine inaiona kadi? Kadi imefungwa? Ina draiva ya kuiongoza, na famweya? Inasikia mitandao? Inapewa anwani? Inatambua majina ya tovuti? Kila ngazi ina amri yake ya kuulizia, na usipande inayofuata kabla ya kupata jibu la hii uliyopo. Amri zilizo hapa huandikwa kwenye terminali, na ni za Ubuntu, Mint na Debian. Mwenye Fedora atumie dnf mahali pa apt, amri ya kusakinisha vifurushi, na majina ya vifurushi yatatofautiana.

Jipatie intaneti ya waya kwanza

Huwezi kupakua draiva ya Wi-Fi kwa Wi-Fi isiyofanya kazi. Chukua simu ya Android, iunganishe na laptopu kwa waya wa USB, kisha kwenye mipangilio ya hotispoti ya simu washa sehemu ya kugawa intaneti kwa USB. Linux haihitaji draiva yoyote ya ziada kwa hili. Baada ya sekunde chache alama ya mtandao wa waya itatokea kwenye skrini. Ukiandika `ip link` utaona jina jipya linaloanza na usb au enx.

Kuna mambo mawili hapa. La kwanza, nyaya nyingi za bei ya chini zina njia za kuchaji pekee, hazina za data. Ukichomeka na simu isiulize lolote kuhusu kuhamisha faili, badilisha waya kabla ya kulaumu laptopu. La pili, simu iliyoshika Wi-Fi ya nyumbani itagawa Wi-Fi hiyo hiyo kupitia waya, kwa hiyo huna haja ya kuchoma bando lako. Na ikiwa huna budi kutumia bando, zuia mashine isipakue masasisho kwa siri. Tazama jina la muunganisho kwa `nmcli connection show`, kisha:

```
nmcli connection modify "Wired connection 1" connection.metered yes
nmcli connection up "Wired connection 1"
```

Hili si dogo: kifurushi kinachoitwa linux-firmware kwenye Ubuntu za karibuni kinakula mamia ya MB peke yake. Debian imekigawa vipande, firmware-iwlwifi, firmware-realtek, firmware-atheros, kwa hiyo unachukua kile cha kadi yako tu.

Kadi yako ni ipi?

Jina la laptopu halikuambii. EliteBook mbili za modeli moja zaweza kuwa na kadi tofauti, na za mitumba huenda zilishabadilishwa na fundi njiani. Uliza mashine yenyewe:

```
lspci -nnk | grep -iA3 network
lsusb
```

Katika jibu la lspci tafuta namba mbili zilizo ndani ya mabano ya mraba, kwa mfano [8086:095a]. Nusu ya kwanza ni mtengenezaji: 8086 ni Intel, 14e4 ni Broadcom, 10ec ni Realtek, 168c ni Atheros, 14c3 ni MediaTek. Ukiomba msaada popote, toa namba hizo. Ukisema tu “nina HP” hakuna atakayekusaidia. Chini yake angalia mstari wa “Kernel driver in use”. Kama upo, draiva imeshika kadi. Kama haupo, kadi inaonekana lakini hakuna anayeiongoza.

Na kama lspci haitaji kadi yoyote ya mtandao pasi waya? Usisakinishe kitu bado. Zima laptopu kabisa, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30, kisha washa. Kadi iliyoganda hurudi kwa njia hii mara nyingi kuliko mtu angedhani. Mwenye Windows upande wa pili wa diski azime pia ile njia yake ya kuwaka haraka, kwa sababu Windows huwa haijazimika kikweli na inaweza kuiacha kadi imelala. Ndani ya Windows, fungua dirisha la amri la msimamizi uandike `powercfg /h off`. Kadi ikiendelea kupotea, ingia BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Linux haijawaka) uone kama Wi-Fi imezimwa humo. Ikiwa imewashwa, basi ni ya kufungua mashine, tutafika huko.

Imefungwa na swichi?

```
rfkill list
```

Kila kifaa kina mistari miwili. “Soft blocked: yes” maana yake programu ndiyo iliyofunga, aghalabu hali ya ndegeni iliyobonyezwa bila kukusudia, na Linux huikumbuka hata baada ya kuzima. Dawa ni `sudo rfkill unblock all`. “Hard blocked: yes” ni jambo jingine, wala amri haiwezi kulifungua. Tafuta swichi yenyewe. ThinkPad T420 na Dell Latitude E6420 zina swichi ndogo ya kusukuma ubavuni, na ni rahisi kuisukuma ukiitoa mashine kwenye begi. EliteBook nyingi zina kitufe chenye taa: ya machungwa, imezimwa; nyeupe au buluu, iko hewani.

Kwenye baadhi ya Lenovo Ideapad swichi hata haipo, ila draiva ya vitufe inadai imefungwa. Jaribu `sudo modprobe -r ideapad_laptop`. Wi-Fi ikiwaka papo hapo, andika `blacklist ideapad_laptop` ndani ya faili /etc/modprobe.d/ideapad.conf ili isirudi tena.

Draiva na famweya

Draiva ni sehemu ya kerneli, yaani kiini cha Linux. Famweya ni faili inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe kila inapowaka. Watu huchanganya viwili hivi na kupoteza siku nzima wakitafuta draiva waliyo nayo tayari. Ushahidi uko hapa:

```
sudo dmesg | grep -iE "firmware|iwlwifi|rtw|rtl|ath|brcm|wl"
```

Ukiona maneno “Direct firmware load for” yakifuatwa na jina la faili na “failed with error -2”, faili hiyo haipo kwenye diski. Isikutie hofu ikiwa Intel italalamikia matoleo mawili matatu kisha ikapata la chini yake na kuendelea. Huo ni utaratibu wake wa kawaida. Ni tatizo pale tu ambapo haipati hata moja. Debian ilianza kuweka famweya zisizo huru ndani ya kisakinishi chake rasmi kuanzia toleo la 12, mwaka 2023. Mwenye flashi ya toleo la zamani zaidi ndiye hukwama hapa. Kwenye Debian 12 na kuendelea, hakikisha neno `non-free-firmware` limo katika faili ya vyanzo vya apt, kisha:

```
sudo apt update
sudo apt install firmware-iwlwifi
```

Intel ikishapata famweya yake haina maneno mengi. Atheros pia. Usumbufu uko kwa Broadcom na Realtek.

Broadcom, hasa BCM43142 na BCM4352, inataka draiva ya kampuni iitwayo wl. Kwenye Ubuntu na Mint ni `sudo apt install bcmwl-kernel-source`. Kwenye Debian, ukiwa umeruhusu non-free, ni `sudo apt install broadcom-sta-dkms linux-headers-amd64`. Draiva hii hujengwa upya ndani ya mashine yako kila kerneli inapobadilika. Ndiyo sababu Wi-Fi huweza kufa asubuhi baada ya kusasisha jioni: vichwa vya kerneli mpya (kifurushi cha linux-headers) havikuwapo, ujenzi ukashindikana kimyakimya. `dkms status` itakuonyesha. Hadi utakapotengeneza, washa kwa kerneli ya zamani kutoka kwenye menyu ya GRUB inayotokea mashine inapowaka.

Secure Boot, ulinzi wa mashine unaokataa draiva isiyo na sahihi inayotambulika, nayo ina mtego wake. Unaposakinisha wl, unaombwa utunge nenosiri la muda. Ukiwasha upya, skrini ya buluu inatokea ikikutaka usajili ufunguo. Wengi hubonyeza kuendelea tu, na kerneli inakataa draiva. Ukiandika `sudo modprobe wl` ukajibiwa “Key was rejected by service”, ndicho kilichotokea. Kwenye Ubuntu, andika:

```
sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der
```

Tunga nenosiri, washa upya, na safari hii chagua “Enroll MOK”, uthibitishe, uandike nenosiri lile. Ama uzime Secure Boot ndani ya BIOS yaishe.

Realtek RTL8821CE ilipata draiva ndani ya kerneli kuanzia 5.9. Ukiona maelekezo ya kuijenga kutoka kwenye msimbo wa mtu fulani, angalia kwanza `uname -r`. Ukiwa juu ya hapo, huenda huhitaji. RTL8723BE, iliyomo katika HP nyingi za bei nafuu, ina ugonjwa wa pekee. Watengenezaji walifunga antena moja tu, na draiva husikiliza tundu lisilo na waya. Matokeo yake, unaona Wi-Fi ukikaa kando ya ruta tu; ukihamia chumba cha pili haipo. Tibu hivi:

```
echo "options rtl8723be ant_sel=1 ips=0 fwlps=0" | sudo tee /etc/modprobe.d/rtl8723be.conf
sudo modprobe -r rtl8723be && sudo modprobe rtl8723be
```

Mawimbi yasipopanda, badilisha 1 iwe 2. Tofauti utaiona mara moja.

Inaona mitandao mingine ila si wako

Jina la kadi utalipata kwa `ip link`; hapa tutaliita wlp2s0. Andika `nmcli device wifi list` usome safu ya chaneli. Simu za siku hizi huweza kurusha hotispoti kwenye 5 GHz, na kadi nyingi za zamani hazijui ila 2.4 GHz. Hakikisha kwa `iw list | grep -i band`: ukiona Band 1 peke yake, ingia kwenye mipangilio ya hotispoti ya simu uishushe hadi 2.4. Kwenye iPhone ni ile swichi ya kuongeza upatanifu. Vilevile, hotispoti iliyowekwa ulinzi wa WPA3 pekee itazikataa kadi za Broadcom zinazotumia wl. Weka WPA2.

Kama mtandao uko chaneli ya 12 au 13, kadi inaweza kutousikia vizuri kwa kuwa haijui iko nchi gani. `iw reg get` ikionyesha 00, andika `sudo iw reg set KE`. Baadhi ya kadi za Intel hujiamulia nchi zenyewe na kuipuuza amri hii, basi ni afadhali uhamishe ruta hadi chaneli ya 1, 6 au 11. Katika ploti za Nyalenda, Kondele au Free Area ambako kila mlango una ruta yake, jaribu zote tatu, kwani jirani zako wote huenda wamerundikana kwenye moja.

Inaona, ila haishiki

Futa kumbukumbu ya zamani, uunganishe upya bila kuacha nenosiri kwenye historia ya terminali:

```
nmcli connection delete "Jina la Wi-Fi"
nmcli --ask device wifi connect "Jina la Wi-Fi"
journalctl -b -u NetworkManager -u wpa_supplicant | tail -60
```

“4-Way Handshake failed” karibu kila mara ni nenosiri lililokosewa. Ikiwa ni suala la dhcp4 (hatua ya kuomba anwani) kuisha muda, nenosiri ni sawa lakini ruta haikutoa anwani: ama imejaa, ama imeganda. Stima ikipotea na kurudi, kama inavyokuwa mvua ya ngurumo ya alasiri ikishuka Kisumu au Kakamega, ipe ruta dakika tano nzima kabla ya kugusa laptopu.

Mitandao ya vyuo, eduroam hasa, ambayo nchini Kenya inaratibiwa na KENET, mtandao wa elimu wa taifa, inataka zaidi ya nenosiri. Jina la mtumiaji liandikwe zima pamoja na sehemu ya baada ya @, njia iwe PEAP, ya ndani MSCHAPv2. Mwanafunzi wa Maseno au Egerton aombe cheti na mipangilio kamili kwa watu wa TEHAMA wa chuo chake. Kisha aangalie saa! Laptopu ya ex-UK ambayo betri yake ndogo ya ubao imekufa, CR2032 kwenye nyingi, huamka ikidhani ni miaka kadhaa nyuma, na vyeti vyote vinaonekana havijaanza kutumika. `timedatectl` itakuonyesha tarehe. Irekebishe kwa `sudo timedatectl set-ntp false`, halafu `sudo timedatectl set-time "2025-03-14 10:30:00"` ukiweka tarehe na saa ya wakati huo. Ukishapata mtandao, rudisha `set-ntp true`.

Imeshika, lakini hakuna intaneti

```
ip route
ping -c 4 192.168.1.1
ping -c 4 1.1.1.1
getent hosts wikipedia.org
```

Ile 192.168.1.1 ibadilishe iwe anwani inayofuata “default via” kwenye jibu la amri ya kwanza. Ruta isipojibu, shida iko kati yako na ruta. Ruta ikijibu na 1.1.1.1 ikinyamaza, shida ni ya mtoa huduma, au bando limeisha. Zote mbili zikijibu na getent isitoe kitu, ni DNS, huduma ya kugeuza majina ya tovuti kuwa anwani:

```
nmcli connection modify "Jina la Wi-Fi" ipv4.dns "1.1.1.1 8.8.8.8" ipv4.ignore-auto-dns yes
nmcli connection up "Jina la Wi-Fi"
```

Usifanye hivyo kwenye Wi-Fi za hosteli au za mtaani ambazo unalipa kisha unaingiza namba ya vocha, kwa maana ukurasa wao wa kulipia hutegemea DNS yao wenyewe. Huko fungua neverssl.com ili ukurasa ule ujitokeze. Na kama umelipa jana na leo unaombwa ulipe tena, huenda mashine imebadilisha anwani yake ya MAC, ile inayoitambulisha kadi kwa ruta. Fedora kuanzia toleo la 40 hutumia anwani ya kubuni kwa kila mtandao, na kufika na mfumo mwingine kwenye laptopu ile ile kunaweza kukufanya mgeni. Funga anwani halisi:

```
nmcli connection modify "Jina la Wi-Fi" wifi.cloned-mac-address permanent
```

Inakatika-katika

Mshukiwa wa kwanza ni uokoaji wa umeme. Ujaribu bila kubadilisha kitu cha kudumu: `sudo iw dev wlp2s0 set power_save off`, kisha ufanye kazi nusu saa. Ikitulia, fungua /etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf, badilisha `wifi.powersave = 3` iwe 2, halafu `sudo systemctl restart NetworkManager`. Faili isipokuwepo, itengeneze ikiwa na mstari wa `[connection]` juu yake.

Ikikata tu baada ya kufunga na kufungua mfuniko, na kadi ni ya Intel, `sudo modprobe -r iwlmvm iwlwifi && sudo modprobe iwlwifi` itairudisha bila kuwasha upya.

Bluetooth

Kadi nyingi zina Wi-Fi na Bluetooth pamoja, lakini Bluetooth hupita kwenye njia za USB hata kama kadi imechomekwa ndani ya ubao. Hivyo Wi-Fi inaweza kuwa nzima na Bluetooth haipo kabisa. Itafute kwenye `lsusb` (ya Intel huanza na 8087), na famweya yake uitafute kwa `sudo dmesg | grep -i bluetooth`. Ikiwa ipo na rfkill haijaifunga:

```
bluetoothctl
power on
scan on
pair AA:BB:CC:DD:EE:FF
trust AA:BB:CC:DD:EE:FF
connect AA:BB:CC:DD:EE:FF
```

Ukiruka `trust`, spika itakubali leo na kukataa kesho. Kifaa kilichokwama, kitoe kwa `remove` pande zote mbili, kwa maana simu yako inaweza kuwa ndiyo imekinyakua kabla ya laptopu. Hedifoni zikishika ila hazitoi sauti kwenye Debian yenye PipeWire (mfumo wa sauti), sakinisha `libspa-0.2-bluetooth` na uingie upya. Sauti ikiwa kama ya redio ya kale, umefungua programu inayotumia maikrofoni ya hedifoni hizo, na Bluetooth imeshuka hadi hali ya simu. Chagua maikrofoni ya laptopu, kisha rudisha A2DP, ile hali ya muziki.

Panya ya pasi waya inayorukaruka huwa haina kasoro yoyote. Tundu za USB 3 hutoa kelele kwenye 2.4 GHz, hasa diski ya nje ikiwa inafanya kazi. Hamishia kidude chake kwenye tundu la USB 2 upande wa pili, au kiunganishe kwa waya mfupi wa kukirefusha.

Kufungua mashine

Kabla ya bisibisi, pima: kaa mita mbili kutoka kwenye ruta uandike `iw dev wlp2s0 link`. Kati ya -30 na -50 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi; kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo yalivyo na nguvu) ni sawa. Ukipata -75 ukiwa karibu hivyo, na si ile Realtek ya antena moja, basi waya wa antena umechomoka, jambo la kawaida kwa mashine iliyowahi kufunguliwa.

Zima, toa chaja na betri, piga picha nyaya zote mbili kabla ya kuzigusa, kwa kuwa rangi ya waya mkuu hutofautiana kati ya Lenovo na wengine. Vichwa vyake vya shaba hubonyezwa wima hadi visikike, wala visilazimishwe kwa ubavu. Ukiamua kubadilisha kadi, ThinkPad za enzi ya T430 hutumia tundu la mini PCIe na BIOS yake hukataa kadi isiyo kwenye orodha yao kwa kosa 1802. Nunua yenye namba ya sehemu ya Lenovo. Kuanzia T440 ni tundu la M.2. Ukipewa Intel AX201, irudishe kama mashine yako ni ya zamani: hiyo inategemea prosesa za karibuni za Intel. AX200 ndiyo inayojitegemea. Pima tena dBm kabla ya kurudisha skrubu za mfuniko.